Siku ya Somo Nyumbani kwa Mama Alliance

Ketura ndiye aliyeniletea maneno hayo, tukiwa bombani tunangoja maji. Aliweka jerikeni chini, akatazama nyuma kama mtu anayeogopa kusikiwa, halafu akasema kwa sauti ambayo foleni nzima ilisikia.

“Mama Sylivia, wewe unakaa karibu na ile mama ya Kongo. Hujaona kitu?”

“Kitu gani?”

“Anafungia watoto nyumbani. Shule hakuna. Asubuhi wanaimba, jioni wanaimba. Na kila mara ni siku ya mutu alikufa zamani. Leo wanapikia huyu, kesho wanapikia yule. Watu wafu, Mama Sylivia! Wale wanangoja mwisho ya dunia, nakuambia.”

“Wanangoja mwisho ya dunia na wanafua nguo kila Jumamosi?” akauliza mama mmoja nyuma yetu.

“Wanataka waende safi,” Ketura akajibu.

Tulicheka, lakini si sana. Upande huu wa Uganda habari za dini inayofungia watu ndani hazichekwi kwa muda mrefu. Waumini waliwahi kufungiwa kanisani wakateketezwa; aliyekuwa mkubwa wakati ule anakumbuka, aliyekuwa mdogo alisimuliwa. Kabla ya wiki kwisha maneno ya Ketura yalikuwa yamefika kwa Nobert, mwenyekiti wa kijiji chetu, tunayemwita Chemani, naye akasema atakuja kujionea mwenyewe. Kama watoto hawasomi, alisema, watapelekwa shule, na mzazi akikataa atafute kijiji kingine cha kukaa.

Nilimwambia jirani yangu siku hiyo hiyo, maana si vizuri mtu ajadiliwe bombani naye yuko nyuma ya ua anachambua majani ya muhogo ya sombe bila habari.

“Aje tu,” alisema. “Mulango iko wazi.”

Lakini nilimwona anachambua jani moja mara mbili.

Jina lake ni Aimée, ila mumewe peke yake ndiye anayelitumia. Sisi wengine tunamwita Mama Alliance, kwa binti yake wa kwanza. Alizaliwa karibu na Beni, akalelewa Bunia kwa babu yake aliyekuwa katekista, ndiyo sababu Kinande, lugha ya Beni, anakijua kidogo na nyumbani kwao wanasema Kiswahili. Mumewe, Baba Sosthène, anauza mbao na mafuta ya mawese, leo yuko Bwera, kesho amevuka Mpondwe, keshokutwa yuko Kasese anatafuta wateja. Watoto wao wa tumbo ni tisa, na wawili ni wa dada yake Aimée aliyefariki. Ukiwaona wote wameenda misa Jumapili wamejipanga kwa urefu, unasogea kando ya njia kama wanapita ng'ombe.

Mimi niliwajua kwa sababu ya mtoto. Mume wangu Caleb anafanya kazi ya chumvi kule Kabatoro na kurudi ni mwisho wa wiki, tena si kila wiki. Niko na Sylivia anayesoma darasa la kwanza, na mdogo wake Kosiya. Kosiya alipokuwa anaota meno alilia siku nzima, mimi nimembeba mgongoni nakoroga bundu, ugali wetu wa muhogo, moshi machoni, nalia naye. Nikamwona msichana amesimama mlangoni.

“Mama amenituma mutoto,” alisema.

“Mtoto gani?”

“Huyu. Nimuchukue, upike.”

Huyo alikuwa Alliance. Tangu siku hiyo nikawa nashinda kwao, na kwa kuwa mimi si mtu wa maneno mengi, nilikaa kwenye kizingiti nikatazama.

Niseme wazi: watoto wale wanasoma. Asubuhi wakishasali, mikeka inatandikwa barazani. Mama Alliance anafundisha mkubwa na wadogo kabisa. Hao wa katikati wanafundishana, kila mmoja anamfundisha anayemfuata, na mama anapita nyuma yao na mwiko mkononi akisikiliza, maana chungu kiko motoni. Ubao wao ni ukuta wa jikoni walioupaka masizi. Mwezi ule Mbambu, binti wa pili, alikuwa anamfundisha hesabu mdogo wake Isidore, kwa punje za mahindi ya kuchoma.

“Kumi na mbili, toa tano?”

“Saba.”

“Niletee ile tano.”

“Iko tumboni.”

“Mama! Isidore anakula hesabu!”

“Hesabu imetoka sawa?” mama akauliza kutoka jikoni.

“Imetoka sawa.”

“Basi mwache.”

Mimi niliishia darasa la saba huko kwetu Munkunyu, na shuleni kwetu mtu aliyekula hesabu alichapwa.

Sasa kuhusu zile siku za watu wafu. Nyumba ile haisherehekei siku ya kuzaliwa. Kila mtoto ana mtakatifu wa jina lake la ubatizo, na siku ya mtakatifu huyo ndiyo siku ya mtoto. Wanaiita somo. Neno hilo walilipata kwa yule babu katekista, kwamba mtu na mtakatifu waliochangia jina ni masomo, kama vile sisi tunavyomwita somo mtu tunayechangia naye jina. Basi utasikia, “Leo ni somo ya fulani,” na siku hiyo fulani anavikwa taji la maua, anaketi kwenye kiti cha baba, anachagua chakula, na kuanzia asubuhi mpaka jua kuzama hakuna anayemtuma wala kumwamuru. Hata mama hamtumi. Na chakula kikiwa tayari hakiliwi mpaka yeye aseme. Wenzake wanamzunguka, kila mmoja anamwambia jambo moja la kumshukuru. Nilimsikia Isidore akimwambia dada yake, “Asante juu hukusema nilivunja sahani,” na mama akageuka: “Sahani gani?”

Krismasi wanajenga pango kwa magamba ya mgomba. Siku ya Mamajusi baba anaandika juu ya mlango kwa chaki iliyobarikiwa. Siku za Kwaresima wanaotumia sukari ni wadogo tu. Hakuna la siri katika hayo, na parokia yetu inawajua. Lakini Ketura anasali kwa Waprotestanti, na anasikilizia nyuma ya ua.

Swali la shule nilimuuliza mwenyewe, siku moja tunachambua maharage. Nilimwambia, “Mama Alliance, na shule ziko hapa karibu, kwa nini?”

Hakukasirika.

“Nilikuwa mwalimu,” alisema. “Shule yetu ilikuwa kando ya barabara, kule kwetu. Balikuja saa ya mapumziko, na bunduki na mapanga. Nilipiga kelele batoto bakimbilie kwenye kahawa. Bengine balinisikia. Bengine balikimbilia ndani ya darasa, juu ndivyo shule yote ilikuwa inafundishwa: kukiwa hatari, ingia darasani.”

Akachagua maharage kidogo.

“Ba kwangu balikuwa na mimi kwenye kahawa. Tulitembea mpaka Kasindi, chaki iko mukononi yangu, sikujua. Mutu wa mupaka ndiye aliniuliza, mama, hii ni ya nini?”

Sikumuuliza tena. Huku kwetu mpakani nako shule ilivamiwa; hayo sisi pia tunayajua, na sitayaandika hapa. Nilichoelewa ni kwamba yule mama angeweza kuwalisha watoto wake majani na kuwalaza chini, lakini kuwaacha ndani ya jengo linaloitwa shule na kugeuza mgongo, hilo lilimshinda. Na hilo ndilo Nobert alikuwa anakuja kumwambia afanye.

Alikuja mwezi wa nane, Jumatatu, siku ya Mtakatifu Klara. Mimi nilikuwapo, kwa sababu binti yao Clare, mwenye miaka sita, alikuwa amenialika kwa mdomo wake. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha baba, miguu haifiki chini, taji limemteremkia sikioni. Alikuwa amechagua samaki wa Katunguru, na sombe, na bundu, na soda moja ya kugawana watu wote.

Nobert alikuwa mwanajeshi zamani, na hata leo anaingia uani kwa mtu kama anakagua lindo. Ketura alikuwa nyuma yake amefunga kanga kifuani, kama shahidi.

“Hodi! Mwenye nyumba iko wapi?”

“Karibu, Chemani,” alisema Mama Alliance. Baba Sosthène alikuwa amevuka kwenda kuangalia mbao zake.

Nobert akatazama watoto wote, macho yakatua kwa yule aliye kwenye kiti kikubwa.

“Wewe! Simama!”

Clare hakusimama. “Leo hapana,” alisema. “Leo mutu hanitumi.”

“Umeona?” Ketura alisema pole pole.

“Hutumwi kwa nini?”

“Juu leo iko somo.”

“Aa. Vizuri. Kumbe kuna somo.” Nobert alimgeukia Ketura kidogo. “Somo la leo ni nini?”

“Ni mimi.”

“Sikiliza swali! Nauliza somo la leo.”

“Clare.”

“Hilo ni jina yako?”

“Ndiyo, afande.”

“Na somo?”

“Ndiyo. Clare.”

Nobert alivuta pumzi. “Haya. Kesho mko na somo gani?”

“Isidore,” alisema Clare, na akamwonyesha kaka yake kwa mdomo. Isidore akajinyoosha.

“Keshokutwa?”

“Keshokutwa hakuna somo.”

“Hakuna?”

“Hakuna. Tunangoja Ijumaa, ya Mama Maria.”

“Na jana?”

“Jana ilikuwa ya Lorenzo, lakini hatuna mutu wa ile jina.”

“Kwa hiyo hakuna somo.”

“Hakuna.”

Nobert alivua kofia. “Mama,” alimwambia Mama Alliance, “mimi nimesikia kwa masikio yangu. Watoto hawa kwa mwezi mzima wanapata somo mara tatu?”

“Mwezi wa nane iko mzuri,” alisema Clare. “Mwezi wa saba hatukupata hata moja.”

Ketura alipiga makofi, akasema, “Yesu wangu!”

Nilimtazama Mama Alliance, nikangoja aseme. Lakini alikuwa ameshika mwiko kwa mikono miwili na uso wake umekauka. Nafikiri hakuwa amesikia maneno yenyewe. Alikuwa amesikia viatu vya mtu wa serikali na sauti ya amri, basi. Ndipo nikaona kwamba nisiposema mimi, hakuna wa kusema.

“Chemani, samahani,” nilisema. “Hapa kuna somo mbili. Wewe unauliza lile la ubaoni. Mtoto anakujibu mtakatifu wa jina lake. Leo ni Mtakatifu Klara, ndiyo maana amevaa maua.”

“Eti?”

“Somo. Kama mtu akiitwa Nobert kama wewe, si utamwita somo?”

Nobert alimtazama Clare, taji, samaki, akaanza kucheka tumboni kwanza, ndipo sauti ikatoka.

“Kumbe somo ni yeye! Na mimi je? Nobert naye yuko?”

“Yuko,” alisema Alliance. “Mwezi wa sita.”

“Imepita?”

“Imepita.”

“Na siku hiyo pengine nilitumwa sokoni!”

Mtu hawezi kubaki peke yake nje ya kicheko, na Ketura akauliza, kwa kujikaza, kama jina lake nalo limo. Alliance alifikiri, akasema Ketura yumo kwenye Biblia, mke wa Abrahamu, lakini siku yake haipo.

“Hata mbinguni wamenisahau,” Ketura alisema. Akavuta mkeka, akaketi.

Baada ya hapo Nobert aliwapima kwa njia zake. Isidore alitoa hesabu bila kula kitu. Mbambu alisoma ukurasa wa Kiswahili na ukurasa wa Kifaransa, haraka kama anakimbizwa. Wadogo walihesabu mpaka mia. Nobert alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, na nilimwona Mama Alliance analegeza mikono kwenye mwiko.

Kisha Nobert akamwuliza Alliance kwa Kiingereza jina lake nani, ana miaka mingapi, na baba yake anafanya kazi gani.

Alliance alijibu jina. Hayo mengine hakuyaelewa. Mbambu alijaribu kumsaidia kwa Kifaransa, akaacha katikati. Watoto wote wakamtazama mama yao, kwa sababu hawakuwahi kuulizwa kitu ambacho hakuna hata mmoja wao anakijua.

Nobert hakupandisha sauti. Alizungumza kama mtu aliye na watoto.

“Mama, umefundisha. Nitawaambia watu umefundisha, na huyu Ketura atanisaidia kuwaambia. Lakini huku kwetu mtihani wa darasa la saba ni Kiingereza. Bila ule mtihani huyu msichana atauza nyanya Mpondwe mpaka azeeke. Huyu mkubwa na anayemfuata waanze shule muhula ujao. Wadogo, tutaongea mwaka mwingine.”

“Na nikikataa?”

“Ukikataa, nitarudi kwa lile neno nililosema kwanza. Na sitaki.”

Mama Alliance alitazama chini. Chakula kilikuwa kinapoa, nasi wageni tulikuwa tumekaa mbele yake mikono mapajani.

“Munaweza kula,” alisema Clare.

Tukala. Ketura aliongezewa samaki, akala, akauliza sombe imewekwa nini hata iwe laini vile. Nobert alikunywa kifuniko kimoja cha soda, kama wengine.

Baba Sosthène aliporudi, niliwasikia wakiongea barazani, na ua wetu hauzuii neno.

“Aimée, Chemani amesema kweli.”

“Najua amesema kweli.”

“Basi?”

“Kujua si miguu, Sosthène.”

“Tutarudi Beni?”

“Hapana.”

“Tuhamie Kasese? Kule pia kuna Chemani, na mutihani ni ile ile.”

Baadaye nilimsikia Aimée anaanza rozari, na sauti za watoto zikamfuata, wakubwa kwa wadogo.

Siku zilizofuata Mama Alliance alinishangaza. Hakulia, hakumsema Nobert. Siku ya Isidore ilifanywa kama kawaida, na ya Bikira Maria pia, ambayo ni siku ya mama mwenyewe kwa jina lake la ubatizo. Watoto walimketisha kwenye kiti wakapika wao, wali ukaungua, akaula wote. Alininunulia daftari, akaniomba niandike maneno ya Kiingereza ninayoyajua ya shuleni: kaa chini, simama, fungua kitabu, naomba kwenda nje. Niliandika niliyoyakumbuka. Jioni alikuwa anayasoma yeye kwanza, kisha anawafundisha wasichana, na ulimi wake wa Kifaransa uliyapinda hata Mbambu akawa anajificha kucheka.

Baba Sosthène alikwenda kuongea na mwalimu mkuu. Sare zikashonwa kwa fundi wa sokoni. Mbambu aliivaa yake akazunguka nyumba mara kadhaa, wadogo nyuma yake. Alliance aliikunja akaiweka juu ya sanduku. Yeye alikuwa mkubwa kiasi cha kukumbuka ile shule ya kando ya barabara. Lakini nilipomuuliza kama anataka kwenda, alisema, “Nataka. Usimwambie mama nataka sana.”

Jumapili ya mwisho kabla ya muhula, baada ya misa, nilikuwa nyuma ya nyumba nachana nywele za Sylivia kwa ajili ya shule ya kesho yake. Mama Alliance alikuja akaketi karibu yetu kwenye jiwe la kufulia. Alikuwa bado na nguo ya kanisani. Alimshika Sylivia kichwa ili asitikisike, nami nikaendelea kugawa nywele.

“Nimepita pale leo,” alisema. “Nilitoka kanisani nikasema nijaribu njia, siku ambayo hakuna batoto. Nilifika kwa geti.”

“Ukaonaje?”

“Shule ni nzuri. Imepakwa rangi. Kuna maua. Nilikuwa peke yangu, geti imefungwa, hakuna hata mutoto mmoja ndani. Na nilirudi mbio, Mama Sylivia. Mutu mzima na viatu ya misa.”

Sylivia aliinua kichwa amwangalie, nikamrudisha chini.

“Baba Sosthène atawapeleka,” nilisema.

“Gari ya mbao inatoka Kasindi usiku. Hatakuwapo.” Alipitisha kidole kwenye mstari wa nywele niliokuwa nimegawa, kama anauhakikisha. “Mimi nikifika pale kesho na batoto, nitarudi nao. Najijua. Wewe hutarudi nao. Ukimupeleka huyu, pitia kwangu, bachukue Alliance na Mbambu, uwaingize mpaka mwalimu abakaribishe. Mimi nitakuwa barazani na badogo. Ukirudi usiniite, usinisalimie. Upite tu mbele ya nyumba, nikuone uko peke yako.”